HABARI YA AFYA NI AMANA: MANENO KWA WENYE SIMU NA KWA WATU WA AFYA



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, leo sina darsa ya twahara wala ya mirathi. Nataka tuzungumze namna habari za afya zinavyotembea kwenye simu zetu hapa Pemba. Nani anazituma, nani anazipokea, nani anazijibu, na nani atakuja kuulizwa mbele ya Allah kwa alichokituma au alichokinyamazia. Nitasema na pande mbili. Upande wa kwanza ni sisi waumini wenye simu. Upande wa pili ni watu wa afya, kuanzia wizarani mpaka kituo cha afya cha shehia. Kila upande una deni lake. Someni mpaka mwisho, kisha ndiyo mtoe maoni.

YALIYOTUKUTA KISIWA PANZA

Machi 2024, siku chache tu kabla ya kuingia Ramadhani, wenzetu wa Kisiwa Panza, wilaya ya Mkoani, walikula nyama ya kasa. Watoto 8 na mtu mzima 1 wakafariki, na watu wengine 78 wakafikishwa hospitali. Yule mtu mzima alikuwa mama, na mmoja katika wale watoto waliotangulia alikuwa mwanawe. Inna lillaahi wa inna ilayhi raaji'uun. Allah awarehemu na awape subira waliobaki.

Na haikuwa mara ya kwanza. Novemba 2021 watu 7 walifariki hapahapa Pemba kwa sababu hiyohiyo, na miongoni mwao alikuwamo mtoto wa miaka 3. Hesabuni wenyewe. Kutoka msiba ule mpaka msiba huu ni miaka miwili na miezi minne. Serikali ilisema, magazeti ya ndani na ya nje yaliandika, picha zilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Na bado nyama ikatiwa chunguni, watoto wakapakuliwa.

Wako wanaosema, "Watu wetu hawasikii." Mimi sikubaliani nao, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu ya leo.

Kasa kwetu ni kitoweo kinachopendwa. Yuko mtu amekula kasa mara ishirini, baba yake kala, babu yake kala, na hakuna aliyeumwa hata tumbo. Mtu huyo ukimtumia picha yenye maandishi mekundu "KULA KASA NI HATARI", anakuona muongo, kwa sababu mwili wake mwenyewe ni ushahidi dhidi yako. Alichohitaji ni kuelezwa hivi: si kila kasa ana sumu. Wataalamu wanasema inatokana na vile anavyokula kasa baharini, hasa mwani wenye sumu. Kasa mwenye sumu humjui kwa rangi, wala kwa harufu, wala kwa ladha. Umchemshe, umkaange, umkaushe, sumu haiondoki. Hakuna dawa ya kuivunja. Daktari anachoweza ni kumsaidia mgonjwa apumue na asikaukiwe maji mpaka Allah amwinue. Watoto na wazee ndio wanaozidiwa zaidi, na vimeandikwa visa vya watoto wachanga waliodhurika kwa maziwa ya mama aliyekula. Kwa hiyo wewe uliyekula mara ishirini ukasalimika, si ufundi wako wa kupika uliokuokoa. Hukukutana tu na yule mwenye sumu.

Mkiyalinganisha maneno haya na ile picha ya maandishi mekundu, mtaona kwamba picha ile inaamrisha tu. Maneno haya yanaanza na kile anachokijua msikilizaji, yanajibu swali ambalo tayari analo moyoni, kisha yanamwacha aamue akiwa ameelewa.

Na kwa kuwa mtaniuliza hukumu ya sharia, nitaisema kwa ufupi. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wametofautiana kuhusu kasa, kwa kuwa anaishi baharini na anapanda nchi kavu kutaga. Wako waliokataza, wako walioruhusu. Lakini hata aliyeruhusu hakuruhusu sumu. Kinachodhuru hakiwi halali kwa sababu jina lake limo katika orodha ya vinavyoliwa, na kanuni ya dini yetu ni kwamba hakuna kujidhuru wala kudhuru mwenzako. Juu ya hayo kasa analindwa na sheria ya nchi. Basi tuache. Bahari yetu ina changu, ina pweza, ina dagaa. Hatujapungukiwa.

DENI LA KWANZA: SISI WENYE SIMU

Allah katika Suratul Hujurat, aya ya 6, ametuamrisha tuihakiki habari anayotuletea mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 83, amewalaumu watu ambao ikiwafikia habari ya amani au ya khofu huitangaza papohapo, badala ya kuirejesha kwa Mtume na kwa wenye mamlaka na ujuzi wa kuichambua. Ndugu zangu, isomeni aya ile leo usiku, kisha tazameni simu zenu. Utadhani imeteremka kwa ajili ya makundi yetu ya WhatsApp.

Sauti inaingia saa nne za usiku. "Mimi ni daktari, nipo hospitali kubwa, siwezi kutaja jina langu, sambaza uokoe maisha." Hana jina, hana pahala, hana tarehe. Na sisi tunaisambaza kwa nia njema. Nia njema haigeuzi uongo ukawa kweli. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba inamtosha mtu kuwa muongo kusimulia kila alichokisikia. Hakusema alichokitunga, alisema alichokisikia.

Na iko hadithi katika Sunan Abi Daud, nawaomba mno muitie akilini. Swahaba mmoja alikuwa safarini akapata jeraha la kichwa, kisha akawa na janaba. Akawauliza wenzake kama anaweza kutayamamu. Wakamjibu kuwa hawamuoni na ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika, akawalaumu kuwa wamemuua, na akauliza kwa nini hawakuuliza ilhali hawakujua, kwani tiba ya kutojua ni kuuliza. Jamani! Wale walikuwa watu wema, na walisema walichodhani ni dini. Lakini walitoa jibu la afya ya mtu bila ujuzi, na mtu akafa. Leo anayerusha kwenye kundi la watu 200 dawa ya kisukari aliyoitoa hajui wapi, akawaambia waache vidonge vya hospitali, amesimama pahala palepale walipolaumiwa wale.

Uvumi si mgeni kwetu. Wenye umri kama wangu wanakumbuka mwaka 1995, habari ya popobawa ilivyoanzia hapa Pemba ikavuka Unguja ikafika Dar es Salaam, watu wanalala nje kwa makundi. Wakati ule simu ya mkononi wengi wetu hatujaiona. Ikiwa uvumi ulivuka bahari kwa miguu na kwa jahazi, leo unavuka kwa sekunde moja.

Na uvumi wa afya unaumiza hasa. Mwaka 2008 huko Morogoro, wanafunzi walikuwa wanapewa dawa za kichocho skuli. Ukazuka uvumi kwamba dawa zinaua watoto. Wazazi wakavamia skuli, zikawa ghasia. Dawa ile ikimezwa na tumbo tupu huleta kizunguzungu na kichefuchefu, na hilo ni jambo la kawaida linalopita. Mzazi aliyekwisha kuelezwa hivyo, mwanawe akirudi anatapika atampa uji na kumlaza. Ambaye hakuelezwa, akipata na sauti ya kutisha kwenye simu, atachukua jiwe.

Basi kabla hujabonyeza kusambaza, jiulize matatu. Aliyesema ni nani, ana jina na pahala pa kazi? Ni lini, au ni habari ya miaka mitatu nyuma iliyofufuliwa? Na ikiwa si kweli, nani ataumia? Ukikosa jibu hata moja, basi iishie kwako. Kunyamaza hapo ni ibada.

DENI LA PILI: WATU WA AFYA

Sasa nageukia upande wa pili, na nasema kwa heshima, kwani najua wanafanya kazi ngumu kwa nyenzo chache.

Kwanza, ukurasa wa mtandao usifanywe ubao wa matangazo. Ukifungua kurasa nyingi za taasisi za afya, si za kwetu peke yake, unakuta picha za uzinduzi, viongozi wamekaa meza kuu, nyuma yao bango. Unakuta barua yenye muhuri iliyopigwa picha, maandishi madogo hayasomeki. Chini yake kuna mama ameuliza: "Mwanangu ana miezi minane, ana homa, je, apewe chanjo?" Swali lina wiki mbili, halijajibiwa. Wajuzi wameondoka, na swali lake linajibiwa na mpita njia ambaye hajui chanjo wala homa. Sisi watu wa pwani tuna baraza. Barazani mtu hasomi tangazo akaondoka. Anakaa, anaulizwa, anajibu, anachokozwa, anavumilia. Taasisi ikifungua ukurasa imefungua baraza. Basi akae mtu pale wa kujibu, na asione haya kusema "swali hili tunalifuatilia, tutarudi kwako," kisha arudi kweli.

Pili, lugha. "Jamii inashauriwa kuchukua tahadhari stahiki dhidi ya mlipuko." Bibi yangu wa Micheweni hayaelewi maneno hayo, na hata akiyaelewa hayamgusi. Mwambieni achemshe maji, anawe mikono kwa sabuni akitoka chooni na kabla ya kumlisha mtoto, na mtoto akiharisha ampe maji ya chumvichumvi ya paketi huku akimkimbiza kituoni. Tena mwambieni kwa sauti. Watu wetu wengi ni wa kusikia kuliko kusoma. Sauti ya dakika moja, ya muuguzi anayejulikana kijijini, kwa Kipemba chetu, itafika mbali kuliko kurasa kumi za waraka.

Tatu, wasinyamaze. Hili ni zito, na silisemi kwa siasa. Wakati wa korona, takwimu za nchi ziliacha kutolewa mwaka 2020, zikiwa ni wagonjwa 509. Januari 2021 uongozi wa juu wa nchi ulitilia shaka chanjo hadharani. Tarehe 31 mwezi huohuo chama cha ACT-Wazalendo kikatangaza kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, amepata maradhi hayo. Tarehe 17 Februari akafariki Muhimbili, akaletwa kuzikwa kwao Mtambwe. Allah amrehemu. Julai 28 mwaka ule Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa mbele ya kamera na kuwataka watu wachanje. Ndani ya miezi sita mwananchi wa kawaida ameambiwa kimoja na kinyume chake. Na katika ile miezi ya kimya simu zake hazikunyamaza. Zilimjaza kila aina ya maneno. Kisha tunamshangaa akisita? Imani ya watu ni kama mtumbwi. Kuuchonga ni miezi, kuutoboa ni msumari mmoja. Mamlaka ikiwa haijui, iseme haijui. Ikikosea, isahihishe mbele ya watu. Anayetangaza ukweli wenye uchungu ndiye anayeaminiwa siku ya hatari.

Nne, simu haifiki kila jikoni. Anayeamua kitakachopikwa leo katika kijiji cha wavuvi mara nyingi ni mama ambaye simu yake ni ya kitochi, au simu ya nyumba anayo mume yuko dago, au bando limekwisha tangu juzi. Ujumbe ukiishia Facebook umeishia kwa sisi tunaosoma hapa. Lazima utoke kwenye simu uingie kwenye mdomo wa mtu. Na watu hao tunao. Chini ya mpango wa Jamii ni Afya, Unguja na Pemba tunao wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba, na simu zao zina programu inayowaongoza. Tuna masheha. Tuna walimu wa skuli na wa madrasa. Tuna Redio Jamii Micheweni. Na tuna mimbari, ambayo kila Ijumaa inakusanya watu bila ya posho wala bango.

Tano, na ndilo kubwa, waulize kabla ya kusema. Kuanzia mwaka 2012, kwa miaka kadhaa, ulifanyika mradi wa kutokomeza kichocho Unguja na Pemba. Kichocho kinapatikana kwa kuingia kwenye maji ya mito na madimbwi yenye konokono wanaobeba vijidudu vyake. Njia nyepesi ilikuwa kuwaambia watu wasiende mtoni. Lakini mama atafua wapi? Katika baadhi ya vijiji walikaa na wananchi, walimu na watoto, wakasikiliza. Matokeo yake zikajengwa sehemu za kufulia nje ya maji, vikajengwa vyoo vya kukojolea kwa ajili ya watoto, na michezo ikahamishiwa pahala salama. Katazo likaja pamoja na njia ya kutokea.

Na Misali mnaijua, kisiwa chetu cha magharibi, kilichotangazwa hifadhi mwaka 1998. Sheria ya kukataza baruti ilikuwepo, na baruti iliendelea kulia. Miaka ile shirika la CARE na taasisi ya Kiislamu ya mazingira kutoka Uingereza walikaa na maimamu, walimu na wavuvi, wakazungumza habari ya ukhalifa wa mwanadamu juu ya ardhi na amana ya bahari. Wavuvi ambao amri ya ofisi haikuwagusa wakaguswa na amri ya Mola wao. Ni watu walewale na bahari ileile, ila safari hii waliongeleshwa kama watu wenye dini, akili na heshima.

MASWALI NINAYOYATARAJIA

Kuna atakayesema: "Sheikh, hizi chanjo na dawa za bure si ni njama ya kutufungia uzazi?" Ndugu yangu, hilo nalo ni habari, na habari inataka ushahidi. Watoto wa Pemba wamechanjwa surua na pepopunda tangu hatujazaliwa wengi wetu, na alhamdulillah vyumba vya madrasa zetu havitoshi kwa wingi wa watoto. Mwenye shaka asitukanwe. Aulize, na watu wa afya wamjibu bila ya kumcheka. Tuhuma za namna hii hukua pahala ambapo swali lilidharauliwa.

Mwengine atasema: "Ajali haina kinga, aliyeandikiwa ameandikiwa." Tunaamini qadar, na hatuiongezi wala kuipunguza. Lakini sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham, akapata habari ya tauni, alishauriana na maswahaba akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Jibu lake maana yake ni kwamba wanaitoka qadar ya Allah kuiendea qadar ya Allah. Kisha Abdurrahman bin Auf (r.a.) akaja na hadithi ya Mtume (s.a.w.) ya kutoingia nchi yenye tauni wala kutoka kwa kuikimbia. Tazameni mwendo wao: habari ilikuja, haikufichwa, wenye rai wakaulizwa, mwenye elimu akasikilizwa, uamuzi ukatangazwa kwa watu. Hiyo ndiyo kazi tunayoidai leo kwa watu wa afya na kwa nafsi zetu.

NINACHOKIOMBA

Kwa watu wa afya wa wilaya zetu nne, Mkoani, Chake Chake, Wete na Micheweni: wekeni namba moja inayojibiwa, na mtu mmoja mwenye jina anayetuma sauti fupi kila wiki. Tutumieni sisi maimamu kabla ya Ijumaa, si Jumatatu baada ya msiba. Na msituite siku ya kupigwa picha tu. Tuiteni siku ya kupanga.

Kwa maimamu wenzangu: tusipande mimbari na habari ya afya ambayo hatukuiuliza kwa wenyewe. Kutengwa dakika tatu baada ya swala kwa muuguzi wa kijiji si kupunguza dini.

Kwa vijana wangu wenye simu kubwa: mfanye kuwa sadaka yenu. Ukipata onyo la kweli, usiliache kwenye status. Nenda nalo jikoni, msomee mama, msomee bibi, mpigie shangazi alioko kisiwani. Wale watoto 8 wa Kisiwa Panza walikula walichopakuliwa na watu waliowapenda. Pengine neno moja, la mtu mmoja wanayemuamini, lingeifika nyumba ile kabla ya chungu kuinjikwa.

Ee Mola wetu, wasamehe waliotutangulia, wape afya wagonjwa wetu, zihifadhi ndimi zetu na vidole vyetu na uongo, na utujaalie tuwe wafunguo wa kheri na wafungaji wa shari. Aamin.

Wabillaahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.